Uzani, Pointi na Kikomo: Jinsi ya Kupima Nafasi ya Mwanafunzi Kuingia Uhandisi

Utangulizi

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda (UNEB) linapotangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha sita (UACE), swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Kampala na wilayani: je, mtoto wetu atapata uhandisi Makerere? Swali hilo huulizwa pia kwa mwalimu wa Kiswahili. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa, lakini katika shule zetu mwalimu wa Kiswahili mara nyingi ndiye mwalimu wa darasa, mlezi wa bweni au mshauri ambaye mwanafunzi haogopi kumwendea. Tunapotembelea shule kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya kufundisha, tumesikia majibu ya aina tatu. Wapo wanaosema, "Tumwombe Mungu." Wapo wanaosema, "Ana pointi 18, hawezi kukosa." Wengine husema, "Uhandisi ni wa watoto wa wakubwa." Kati ya majibu hayo hakuna hata moja linalomwonyesha mwanafunzi la kufanya.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili chepesi namna nafasi hiyo inavyopimwa. Hoja yetu ni kwamba nafasi ya mwanafunzi hujulikana kwa kukokotoa uzani wake na kuulinganisha na vikomo vya miaka kadhaa. Wingi wa pointi peke yake hauionyeshi, wala uvumi hauionyeshi. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kujumlisha, na mwalimu yeyote wa lugha anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Asipoifanya, mwanafunzi anaweza kupoteza mwaka mzima pamoja na karo ya wazazi wake.

Kwa nini nafasi ni chache

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na miongoni mwa mafunzo yake ya awali yalikuwa useremala, ujenzi na umakanika. Hata hivyo, uhandisi wa kiwango cha shahada ulichelewa kufika. Kati ya mwaka 1963 na 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho matawi yake matatu yaligawana taaluma zenye gharama kubwa: udaktari ulifundishwa Makerere, sheria Dar es Salaam, na uhandisi Nairobi. Mganda aliyetaka kuwa mhandisi hakuwa na budi kwenda Kenya. Muungano huo ulipovunjika mwaka 1970, Makerere ilianzisha Kitivo cha Teknolojia mwaka huo huo, na Dar es Salaam ikafungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973. Kitivo cha Makerere leo ni sehemu ya Chuo cha Uhandisi, Usanifu, Sanaa na Teknolojia, ambacho wengi hukifahamu kwa kifupi chake, CEDAT.

Historia hii inatukumbusha jambo moja. Nchi tatu ziliwahi kukubaliana kuwa na shule moja ya uhandisi kwa sababu taaluma hii ni ghali. Inahitaji maabara, karakana, mitambo na wahadhiri wengi kuliko darasa la fasihi, ambalo linaweza kuendeshwa kwa ubao na vitabu. Ndiyo maana kozi za uhandisi wa ujenzi, wa umeme na wa mitambo hazipokei mamia kwa mamia ya wanafunzi. Kwa upande wa udhamini, serikali ya Uganda imekuwa ikiwalipia wanafunzi wapatao 4,000 kwa mwaka katika vyuo vikuu vyote vya umma na kozi zote zikijumlishwa. Takriban robo tatu yao huchaguliwa kwa ushindani wa kitaifa, na waliobaki hupitia mgawo wa wilaya, nafasi za watu wenye ulemavu na nafasi za wanamichezo. Katika idadi hiyo, wanaofika kwenye uhandisi ni wachache.

Kufuzu si kuchaguliwa

Kosa la kwanza tunalokutana nalo ni kuchanganya sifa za chini na ushindani. Sifa za chini za kuingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni zinafahamika: kufaulu masomo yasiyopungua matano katika mtihani wa kidato cha nne (UCE), na kupata ufaulu wa kiwango kikuu katika masomo yasiyopungua mawili ya UACE katika mkao mmoja wa mtihani. Kwa uhandisi, Hisabati na Fizikia ndiyo masomo yanayobeba ombi zima.

Anayetimiza sifa hizo ana haki ya kuomba. Hajaahidiwa chochote zaidi ya hapo. Waombaji waliotimiza sifa wanapozidi viti vilivyopo, chuo hulazimika kuwapanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na hapo ndipo uzani unapoingia.

Pointi na uzani

Katika mfumo uliozoeleka wa UACE, alama za somo kuu hugeuzwa kuwa pointi hivi: A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, O ni 1, na F haina kitu. Masomo madogo, yaani Maarifa ya Jumla (wanafunzi hulitaja kwa herufi GP) pamoja na Tehama au Hisabati ndogo, hutoa pointi 1 kila moja kwa aliyefaulu. Mwenye masomo makuu matatu anaweza kufikisha pointi 20, wala hawezi kuzidi hapo.

Chuo hakiwapangi waombaji kwa pointi hizo. Kila kozi huyagawa masomo katika makundi manne, na kila kundi lina kizidishi chake. Kundi la kwanza ni masomo ya msingi wa kozi, ambayo pointi zake huzidishwa kwa 3. Kundi la pili ni masomo yanayohusiana na kozi, ambapo somo moja lililofanywa vizuri zaidi huzidishwa kwa 2. La tatu ni masomo yanayopendelewa, nayo huzidishwa kwa 1. Humo ndimo yanamoingia masomo madogo. La nne ni masomo mengineyo, ambayo huzidishwa kwa 0.5. Kwa uhandisi, masomo ya msingi ni Hisabati na Fizikia. Kemia ni mojawapo ya masomo yanayohusiana.

Tuchukue mfano wa watahiniwa wawili, wote wakiwa na Hisabati, Fizikia na Kemia, na wote wamefaulu Tehama na GP.

Mtahiniwa wa kwanza amepata B katika Hisabati, B katika Fizikia na A katika Kemia. Pointi zake ni 5 + 5 + 6 + 1 + 1, yaani 18. Uzani wake ni (5 × 3) + (5 × 3) + (6 × 2) + 1 + 1 = 44.

Mtahiniwa wa pili amepata A katika Hisabati, A katika Fizikia na C katika Kemia. Pointi zake ni 6 + 6 + 4 + 1 + 1, yaani 18 vilevile. Uzani wake ni (6 × 3) + (6 × 3) + (4 × 2) + 1 + 1 = 46.

Wote wawili wana pointi 18, na katika kikao cha wazazi watapigiwa makofi yaleyale. Lakini kwenye orodha ya uhandisi wa pili amemtangulia wa kwanza kwa uzani wa 2, na baina ya namba hizo mbili wanaweza kusimama waombaji wengi. Jibu la "ana pointi 18, hawezi kukosa" limeanguka hapo.

Alama za kidato cha nne na sehemu ya Kiswahili

Uzani wa UACE hujumlishwa na ule wa UCE. Chini ya mfumo wa zamani wa UCE, kila somo lililofaulu kwa kiwango cha juu kabisa (alama 1 na 2) lilipewa 0.3, la kiwango cha kati (alama 3 hadi 6) 0.2, na la kiwango cha chini (alama 7 na 8) 0.1. Mtahiniwa wetu wa kwanza, akiwa na masomo 8 yote ya kiwango cha juu, anaongeza 2.4 na kufikia 46.4. Wa pili, mwenye masomo 5 ya juu na 3 ya kati, anaongeza 1.5 na 0.6, jumla 2.1, na kufikia 48.1.

Hapa mwalimu wa Kiswahili anapaswa kusimama kidogo. Katika hesabu hii ya UCE, Kiswahili kilikuwa na thamani ileile ya Fizikia, 0.3 kwa 0.3. Mwanafunzi aliyepanda kutoka kiwango cha kati hadi cha juu katika Kiswahili alijiongezea 0.1, na vikomo vya kozi zenye ushindani hutangazwa kwa nukta. Kwa hiyo mzazi aliyemwambia mtoto wake aachane na Kiswahili "kwa sababu anataka kuwa mhandisi" hakuwa amepiga hesabu.

Vilevile inatupasa kusema ukweli wa upande wa pili, ingawa unatuuma. Katika kidato cha tano na sita, anayetaka uhandisi asichukue Kiswahili kama somo lake kuu la tatu. Mwanafunzi mwenye A tatu katika Hisabati, Fizikia na Kiswahili angekuwa na pointi zote 20, lakini Kiswahili kingehesabiwa miongoni mwa masomo mengineyo: 6 × 0.5 = 3. Uzani wake ungekuwa 18 + 18 + 3 + 2 = 41, ilhali mwenzake mwenye A tatu na Kemia angekuwa na 50. Mwalimu anayelipenda somo lake asimnyime mwanafunzi habari hii ili tu ajaze darasa.

Tunatahadharisha pia kwamba mitaala inabadilika. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020 na kutahiniwa kwa mara ya kwanza katika UCE ya mwaka 2024, na alama zake ni A hadi E. Mtaala huo umekiweka Kiswahili kuwa somo la kila mwanafunzi katika kidato cha kwanza na cha pili, na kukifanya somo la hiari kuanzia kidato cha tatu. Kwa wanafunzi wa mtaala huo, tarakimu tulizotoa hapa juu zisitumiwe kabla ya kusoma tangazo la chuo la mwaka husika.

Kwa wasichana kuna nyongeza ya uzani wa 1.5, iliyoanzishwa Makerere mwaka 1990 ili kuinua idadi ya wanawake chuoni. Iwapo mtahiniwa wetu wa pili ni msichana, uzani wake unakuwa 49.6.

Wapi kila saa ya kusoma inalipa zaidi

Tukiyaweka mambo haya pamoja tunapata kipimo ambacho walimu wachache hukitumia. Kupanda alama moja katika Hisabati au Fizikia, kwa mfano kutoka C hadi B, huongeza uzani wa 3. Kupanda alama moja katika Kemia huongeza 2. Nyongeza ya wasichana ni nusu ya alama moja ya Fizikia. Kupanda kutoka kiwango cha kati hadi cha juu katika somo moja la UCE ya zamani kuliongeza 0.1, ingehitajika kupanda mara 30 namna hiyo kulingana na alama moja ya Hisabati.

Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye saa mbili za usiku na masomo matatu ajue ni somo lipi lililo karibu kupanda, na likipanda litamlipa kiasi gani. Asilidharau somo la GP pia. Ni uzani wa 1 tu, lakini wapo wanasayansi wanaolipuuza, na uzani wa 1 ni mara kumi ya ile 0.1 inayoweza kuwatenganisha watu wawili katika orodha.

Kikomo ni nini hasa

Watu wengi hudhani kuwa kikomo ni lango: wakubwa wa chuo hukaa mezani, wakaamua kuwa mwaka huu hapiti mtu chini ya namba fulani. Mambo hayako hivyo. Tuseme kozi ina nafasi 60. Waombaji wote hupangwa kwa uzani kuanzia wa juu. Anayesimama katika nafasi ya 60 akiwa na uzani wa 47.3, basi 47.3 ndiyo kikomo cha mwaka huo. (Tarakimu hizi ni za mfano tu.) Kikomo ni uzani wa mtu wa mwisho aliyeingia, nacho hujulikana baada ya kazi kwisha.

Kutokana na hayo, kikomo cha mwaka jana ni kama alama ya maji kwenye kuta za nyumba za Bwaise baada ya mafuriko. Inaonyesha maji yalifika wapi, nayo ni habari muhimu kwa anayetaka kujenga. Haionyeshi maji yatafika wapi mvua ijayo. Matokeo ya Fizikia yakiwa mazuri nchini kote, kikomo kitapanda bila mtu kukipandisha. Wanafunzi hodari wakikimbilia kozi nyingine, kitashuka.

Pia kuna vikomo viwili kwa kozi moja: cha wanaodhaminiwa na serikali na cha wanaojilipia. Cha udhamini kwa kawaida huwa juu zaidi. Anayesoma orodha moja akidhani ni nyingine atajidanganya, ama kwa kujipa matumaini ya bure ama kwa kukata tamaa mapema.

Hatua za kupima nafasi

Tunapendekeza mwalimu afuate hatua hizi pamoja na mwanafunzi, ikiwezekana mzazi akiwepo.

1. Hakikisha sifa za chini zimetimia. Zikikosekana, hesabu nyingine zote hazina maana.

2. Pata tangazo la chuo la mwaka huo na usome makundi ya masomo ya kozi inayotakiwa. Usitumie ya kozi jirani. Makundi ya masomo hutofautiana kati ya kozi na kozi, na mwanafunzi mmoja anaweza kuwa na uzani tofauti kwa kila kozi anayoomba.

3. Ikiwa matokeo bado, kokotoa uzani mara tatu: kwa alama anazotarajia, kwa alama nzuri kuliko hizo, na kwa alama mbaya kuliko hizo. Matokeo ya mitihani ya majaribio yatumike, lakini kwa kukumbuka kuwa shule nyingine husahihisha kwa ukali na nyingine kwa huruma.

4. Kusanya vikomo vya angalau miaka mitatu, vya udhamini na vya kujilipia, kila kimoja kwenye safu yake.

5. Linganisha. Aliye juu ya vikomo vyote vitatu ana nafasi nzuri, ingawa si hakika. Aliye baina ya cha chini na cha juu yuko kwenye ushindani wa kweli. Aombe, lakini awe na mlango wa pili. Aliye chini ya vyote vitatu asikatazwe kuomba, ila asiijaze fomu nzima kwa kozi za aina hiyo.

6. Panga machaguo. La kwanza liwe lile analolitaka kwa moyo na ambalo uzani wake unalikaribia. Yanayofuata yashuke kwa ngazi. Tumewaona wanafunzi wenye uzani mzuri wakijaza uhandisi wa ujenzi, udaktari na famasia bila chaguo hata moja la chini yake, kisha wakakosa vyote na kubaki nyumbani, ilhali kozi nzuri waliyostahili ilichukuliwa na wenye uzani mdogo kuliko wao.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tuongeze jambo moja ambalo mwalimu anaweza kulifundisha darasani. Kupima nafasi ni kutunga sentensi za masharti. Mtihani haujafanyika, tunasema: "Akipata A katika Fizikia, atafikisha 49.4." Tukipima jambo ambalo haliko mbele yetu bado, tunasema: "Angepata A, angefikisha 49.4." Matokeo yakishatoka, tunabaki na: "Angalipata A, angalifikisha 49.4." Hesabu ni ileile katika sentensi zote tatu, lakini ni ile ya -ki- pekee inayompa mwanafunzi kazi ya kufanya. Mwalimu mwema huifanya hesabu hii muhula wa kwanza wa kidato cha sita. Hangoji msimu wa -ngali-.

Milango mingine

Asiyepata udhamini kwa ushindani wa kitaifa bado ana njia. Mgawo wa wilaya humshindanisha mtahiniwa na wenzake wa wilaya yake ya asili. Nafasi za kujilipia zina kikomo chake. Bodi ya Kugharamia Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, hutoa mikopo, na kozi za sayansi na teknolojia ndizo zilizopewa kipaumbele.

Aidha, Makerere si chuo pekee. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu ikiwemo politekniki ya Kyambogo, hufundisha uhandisi. Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina uhandisi wa kilimo miongoni mwa kozi zake, na Mbarara kina uhandisi wa vifaa vya tiba. Kwa vyuo binafsi, mzazi ahakikishe kwanza kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Jengo zuri na tangazo la redioni havitoshi.

Njia ya stashahada nayo isidharauliwe. Vyuo vya ufundi vya Elgon, Lira, Kichwamba, Bushenyi na Kyema huwapokea wenye alama za chini kuliko zinazohitajika kwa shahada, na mwenye stashahada nzuri anaweza kuomba shahada ya uhandisi kupitia nafasi za wenye stashahada. Atachelewa miaka kadhaa, lakini ataingia darasani akiwa ameshika spana na kupima kiwanja, jambo ambalo wengi wa wenzake hawajalifanya.

Mlango mmoja tu haupo: wa mtu anayeuza nafasi. Hakuna karani wala "mjomba" anayeweza kumwongezea mtoto uzani. Pesa alipwe chuo, kwa utaratibu uliotangazwa na chuo.

Majirani zetu

Inafaa kulinganisha kwa ufupi. Kenya, kupitia shirika la KUCCPS, huangalia kundi la masomo manne yanayohusu kozi pamoja na jumla ya masomo saba ya mtihani wa KCSE. Kwa kuwa Kiswahili ni somo la wote huko, mwanafunzi anaweza kukitegemea katika jumla hiyo hata kama anaomba uhandisi. Tanzania, chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), hutumia alama za kidato cha sita ambapo A ni pointi 5 na E ni 1, na waombaji wa uhandisi hutoka hasa katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati. Mganda aliyesoma upande mmoja wa mpaka na kuomba upande mwingine asichukulie kwamba A ya hapa na ya kule zina pointi sawa.

Istilahi

Tunamalizia kwa maneno. Tumetumia uzani badala ya pointi au alama kwa makusudi, kwa sababu neno hilo linatukumbusha mizani: kilo moja ya dhahabu na kilo moja ya muhogo ni kilo moja, lakini sokoni hazileti bei moja. Kikomo tumelipendelea kuliko "kiwango cha kukata", ambalo ni tafsiri ya neno kwa neno na humfanya msikilizaji amtafute mwenye kisu. Kwa kundi lenye uzani wa 3 tumesema masomo ya msingi wa kozi na kuepuka "masomo ya lazima". Lazima ni lile ambalo shule inamtaka kila mwanafunzi alisome. Msingi ni lile ambalo kozi imejengwa juu yake. Mzazi akiambiwa kwamba Kiingereza ni somo la lazima, atadhani ndilo lenye uzani wa 3 katika uhandisi, na hapo lugha yetu itakuwa imempoteza.

Hitimisho

Penye nia pana njia, wahenga walisema, lakini njia hupimwa hatua kabla ya kuianza. Tunawaomba walimu wa Kiswahili, na wanafunzi wetu watakaokuwa walimu kesho, wajifunze hesabu hii na kuiweka kwenye ubao wa matangazo wa darasa, kwa Kiswahili, mapema katika mwaka wa kidato cha sita. Mwanafunzi aliyepata 46.4 akakosa, lakini alijua mapema kwamba yuko mpakani na akaweka chaguo la pili lililomfaa, atakuwa chuoni Agosti. Yule aliyeambiwa "hawezi kukosa" atakuwa nyumbani akingoja mwaka mwingine, na walimu waliomwambia hivyo ni sisi.